Jinsi ya Kupima Ukubwa na Uzito wa Planigale: Mwongozo Kamili wa Kumpima Mnyama wa Gramu Nne

Planigale ni mnyama mdogo wa Australia na kisiwa cha New Guinea. Ukimwona kwa mara ya kwanza utasema ni kirukanjia: pua imechongoka, macho madogo, manyoya ya kijivu au kahawia, na kila anapopita anatafuta mdudu wa kula. Lakini si kirukanjia, wala si panya. Ni ndugu wa shetani wa Tasmania, mnyama mla nyama mwenye mfuko, na kwa mbali zaidi wa kangaruu, na jike hulea watoto wake ndani ya mfuko wa tumboni. Bara la Australia halina virukanjia wa asili. Kazi wanayoifanya virukanjia wa kwetu, ya kusaka wadudu usiku katika majani na nyufa za udongo, kule inafanywa na planigale na jamaa zake.

Kumpima mnyama wa namna hii kunataka nidhamu kuliko watu wanavyodhani. Ukikosea nusu gramu kwa mnyama wa gramu 4, umekosea kwa asilimia 12 na nusu, sawasawa na mtu aliyempima tembo wa tani 4 akakosea kwa kilo 500. Namba mbovu ikishaingia daftarini haina alama ya kuitambulisha. Itanakiliwa na wengine kama zilivyo namba nzuri. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mizani na rula. Mbinu zenyewe zinafaa pia kwa mwanafunzi wa Morogoro au Nairobi anayejifunza kupima virukanjia wa kwetu, ila mifano nimeiweka Australia ambako mnyama huyu anaishi.

Jua kwanza namba unazozitarajia

Usiende porini bila kujua mnyama wako anatakiwa awe wa ukubwa gani. Planigale mwenye mkia mrefu, *Planigale ingrami*, aliyepewa jina na Oldfield Thomas mwaka 1906, ndiye anayetajwa kuwa mdogo kuliko wanyama wote wenye mfuko. Kichwa na mwili wake huwa kama milimita 55 hadi 65, mkia unakaribia urefu huohuo, na uzito wake wa wastani ni kama gramu 4. Planigale wa kawaida, *Planigale maculata*, ni mkubwa zaidi: dume huwa kama gramu 15 na jike kama gramu 11. Kati yao yupo *Planigale gilesi*, aliyeelezwa na Aitken mwaka 1972, ambaye uzito wake unaweza kuwa popote kati ya gramu 5 na 16.

Hapo tayari unaona tatizo. Mnyama wa gramu 6 anaweza kuwa *gilesi* mchanga, au wa aina nyingine ndogo aliyekomaa na kushiba. Uzito peke yake haukuambii umemshika nani. Mwaka 2023 wanasayansi walieleza aina mbili mpya kutoka eneo la Pilbara, Australia Magharibi: *Planigale kendricki*, mwenye wastani wa kama gramu 7, na *Planigale tealei*, wa kama gramu 4. Kwa miaka mingi wanyama hao walikuwa wakihesabiwa ndani ya aina zilizokwishajulikana. Vinasaba ndivyo vilivyofungua njia, lakini vipimo vya mwili na fuvu navyo vilihitajika ili kuwatenganisha.

Na unaposoma namba za watu wengine, angalia neno "urefu" wamelitumiaje. Wengine wanahesabu kichwa na mwili tu, wengine wanajumlisha mkia. Ukikuta mahali pameandikwa kwamba *ingrami* ana sentimita 12, huyo amepimwa pamoja na mkia. Ukikuta sentimita 6, mkia haumo. Wote wawili wako sahihi, na anayechanganya namba hizo mbili katika jedwali moja ameliharibu jedwali zima.

Vifaa

Unahitaji mizani ya kuning'iniza ya springi yenye uwezo wa gramu 10 na alama za kila gramu 0.1 (za kampuni ya Pesola zinatumika sana), na nyingine ya gramu 30 au 60 kwa ajili ya wanyama wakubwa zaidi watakaoingia mtegoni. Mizani ya kidijitali ya gramu 0.1 ni sawa pia, mradi una mahali tambarare pasipo upepo. Unahitaji kalipa (kifaa cha taya mbili cha kupimia urefu mdogo), rula fupi ya chuma ambayo sifuri yake inaanzia ukingoni kabisa, vifuko vyepesi vya kitambaa, glavu nyembamba, tochi ya kichwani, penseli na daftari.

Kuhusu kifuko, kitambaa cha merikani (pamba isiyopaushwa) kinafaa kwa sababu kinapitisha hewa, lakini shona vifuko vidogo. Ukitumia kifuko kikubwa cha gramu 12, mizani ya gramu 10 haikufai tena, na utalazimika kutumia mizani yenye alama pana. Kifuko cha gramu 3 kinamwachia mnyama nafasi ya kutosha kwenye mizani. Geuza kifuko ili mshono ukae nje, maana nyuzi zinazoning'inia ndani hunasa vidole vya mnyama.

Kagua mizani kabla ya kumgusa mnyama

Wengi wanairuka hatua hii, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote. Springi huchoka, betri hushuka, na vumbi huingia kwenye kikombe cha mizani.

Kama huna mawe rasmi ya mizani, chukua karatasi ya A4 iliyoandikwa gramu 80 kwenye pakiti yake. Maana ya hiyo 80 ni gramu kwa kila mita ya mraba. Karatasi ya A4 ni mita 0.210 kwa mita 0.297, yaani mita za mraba 0.0624, kwa hiyo karatasi moja ina gramu 4.99. Iite gramu 5. Ikunje, itundike, usome. Ikunje nyingine, utundike zote mbili, mizani isome 10. Karatasi iwe kavu, kwa kuwa unyevu wa hewa huongeza uzito wake kidogo. Njia nyingine ni bomba la sindano la mililita 10: lipime likiwa tupu, kisha vuta mililita 4 za maji safi, mizani inatakiwa iongezeke gramu 4. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kazi na tena ukimaliza, na uandike majibu yote mawili daftarini. Ikiwa mizani imepotea kwa gramu 0.2, sasa unajua, na unaweza kurekebisha namba za siku nzima.

Kumpata bila kumdhuru

Australia huwezi kutega mnyama wa porini bila kibali cha jimbo na idhini ya kamati ya maadili ya wanyama. Kwa anayefanya kazi ya namna hii Tanzania, njia inapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Kenya, ni NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) na mamlaka za wanyamapori. Anza taratibu hizo mapema.

Mitego ya sanduku la bati ambayo hufunga mnyama akikanyaga kibao mara nyingi haimshiki planigale, kwa sababu gramu 4 hazitoshi kukishusha kibao. Mtego unaofaa ni shimo: ndoo au kipande cha bomba la plastiki kinachofukiwa hadi mdomo wake ulingane na ardhi, kina chake kikiwa sentimita 40 hadi 60, na uzio mfupi wa wavu wa dirishani unaopita juu yake ili kumwelekeza mnyama. Toboa matundu chini ili maji ya mvua yatoke. Weka ndani majani makavu au pamba, na kipande cha bomba la kujifichia. Planigale ni mla nyama mkali. Wawili katika ndoo moja bila pa kujificha wanaweza kuumizana.

Angalia sisimizi. Kundi la sisimizi likiipata ndoo, mnyama aliyemo hana pa kukimbilia, na atakufa. Mtego ulio karibu na kichuguu au njia ya sisimizi uhamishwe siku hiyohiyo. Pitia mitego alfajiri kabla jua halijapanda, na siku ya mvua kubwa ifunge yote.

Asubuhi ya baridi unaweza kumkuta mnyama amelala kama maiti, mwili baridi, hatikisiki. Usimtupe na usimpime. Planigale na jamaa zake wana tabia ya kuzizima: joto la mwili hushuka na moyo hupiga polepole, ili chakula kidogo alichonacho mwilini kisiishe. Mweke ndani ya kifuko, kifuko ukiweke mfuko wa ndani wa koti lako, umwache ajirudie mwenyewe. Akianza kutembea ndani ya kifuko ndipo uendelee.

Kabla ya yote hakikisha umemshika unayedhani. Mfungue midomo kidogo kwa kando: panya ana jozi moja tu ya meno ya mbele, marefu kama patasi, juu na chini. Planigale ana safu ya meno madogo makali, manne ya mbele kila upande wa taya la juu. Kisha mtazame kichwa kutoka pembeni. Kimebanwa kuwa bapa namna ambayo huioni kwa panya yeyote.

Kumpima uzito

Uzito upimwe kwanza kabla ya vipimo vya urefu, kwa sababu mnyama aliyeshikwashikwa hukojoa, na matone mawili au matatu ya mkojo ni uzito unaosomeka kwenye mizani yako. Usimpe chakula kabla ya kupima.

Pima kifuko kitupu, andika. Mwingize mnyama, kunja mdomo wa kifuko mara mbili, kibane kwa kibanio cha mizani. Simama ukiupa upepo mgongo au ingia nyuma ya gari. Ning'iniza mizani usawa wa jicho lako, subiri kifuko kiache kubembea, soma. Ukisoma kutoka juu au kutoka chini, alama itakudanganya. Msaidizi arudie namba kwa sauti kabla ya kuiandika.

Sasa sehemu ambayo wengi huisahau: ukimtoa mnyama, pima kifuko tena. Chukua mfano huu. Kifuko kitupu ni gramu 3.2. Kifuko na mnyama ni gramu 7.9. Ukitoa, unapata 4.7. Lakini kifuko baada ya kumtoa mnyama kinasoma 3.5, kwa sababu kuna mkojo na kinyesi ndani. Ukitoa 3.5 kwenye 7.9 unapata 4.4. Tofauti hiyo ya gramu 0.3 ni karibu asilimia 7 ya mnyama mzima. Andika namba zote tatu, usiandike jibu peke yake, na katika kazi yako yote toa uzito wa kifuko uliopimwa baada ya kumtoa mnyama. Kifuko kilichochafuka kiwekwe kando kikafuliwe; mnyama anayefuata apate kikavu.

Kumpima urefu

Mshike kupitia kitambaa. Tafuta kichwa kwa vidole, bana ngozi ya kisogo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kunjua kitambaa taratibu sehemu unayotaka kuipima tu. Mwili mwingine ubaki gizani. Giza humtuliza. Usiminye kifua, kwa kuwa akishindwa kukipanua anakosa pumzi kimyakimya wakati wewe unashughulika na rula. Usimning'inize wala kumvuta kwa mkia. Muda wote wa kumshika usizidi dakika chache, na ukiona anahema kwa mdomo au amelegea, mrudishe kifukoni hata kama hujamaliza. Safu iliyo tupu daftarini si kosa.

Anza na wayo wa nyuma, kwa sababu ni kipimo kinachoaminika zaidi kwa mnyama aliye hai: mfupa haunyooki wala kusinyaa. Weka kalipa kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, bila ukucha. Kwa planigale mdogo utapata milimita 10 au pungufu. Wapo wanaopima pamoja na ukucha. Chagua moja, andika umechagua ipi juu ya ukurasa, na usibadilishe katikati ya kazi.

Kichwa hupimwa kutoka ncha ya pua hadi kisogoni, kalipa ikigusa bila kubana. Kwa planigale ongeza kipimo ambacho wanyama wengine hawakihitaji sana, nacho ni unene wa kichwa kutoka juu hadi chini. Fuvu la *ingrami* ni bapa kupita kiasi, na ndilo linalomwezesha kupenya katika nyufa za udongo mzito wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Huko ndani anapata wadudu, baridi mchana, na usalama dhidi ya bundi. Anayeandika uzito wa planigale akaacha unene wa kichwa ameacha jambo lililo kiini cha maisha ya mnyama huyu.

Mkia hupimwa kutoka pale unapoungana na mwili, upande wa tundu la haja, hadi ncha ya nyama. Nywele za mwishoni hazihesabiwi. Kama mkia umekatika andika "umekatika", maana kipimo chake hakiwezi kuingia katika wastani. Sikio ni kutoka kijipengo cha chini hadi ncha ya juu.

Urefu wa kichwa na mwili uwe wa mwisho, na uuamini kwa kiasi. Mnyama hai hujikunja na kujinyoosha. Mtu mmoja akimpima mara mbili anaweza kupata tofauti ya milimita 4 au 5 bila kufanya uzembe wowote. Mlaze chali juu ya rula kadiri atakavyokubali, usimvute, soma kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja. Ni afadhali mtu mmoja apime wanyama wote wa msimu, kwa kuwa kila mkono una namna yake ya kubana kalipa.

Jinsia, umri na watoto

Dume lina mfuko wa korodani unaoning'inia, nao uko mbele ya uume, tofauti na wanyama tuliowazoea. Kwa jike, pulizia manyoya ya tumbo taratibu ili uuone mfuko, ambao hukua msimu wa kuzaa na mdomo wake hutazama nyuma. Hesabu chuchu na watoto walioshika chuchu bila kumgusa hata mmoja. Mtoto akiachia chuchu mapema hairudii. Uzito wa jike mwenye watoto uandikwe, lakini uwekwe alama na usitiwe katika wastani wa wanyama waliokomaa, kwa sababu mizani imepima familia nzima.

Umri hauonekani kirahisi. Dalili za mnyama mchanga ni kichwa kinachoonekana kikubwa kwa mwili wake, manyoya laini ya kijivu, na meno yasiyochakaa hata kidogo.

Uone jinsi jinsia na msimu vinavyoweza kubadilisha namba kwa kumtazama antekinasi wa kahawia, *Antechinus stuartii*, jamaa wa planigale wa mashariki mwa Australia. Jike lake lina gramu 17 hadi 36, dume linaweza kufika gramu 70. Kila mwaka, baada ya majuma machache ya kujamiiana, madume yote hufa: homoni za mfadhaiko hujaa mwilini, kinga huanguka, na vidonda huvuja damu tumboni. Anayempima dume kabla ya msimu huo anamkuta akiwa amenona, na anayempima mwishoni anamkuta akiwa mifupa na manyoya. Wote wawili wamempima antekinasi aliyekomaa. Bila tarehe na jinsia, wastani wa namba zao hauelezi mnyama yeyote aliyewahi kuishi.

Daftari na hesabu

Kwa kila mnyama andika tarehe, saa, mahali kwa GPS, namba ya mtego, jina la aina, jinsia, hali ya uzazi, uzito pamoja na namba tatu za mizani, vipimo vyote kwa milimita, jina la aliyepima na kifaa kilichotumika. Tumia penseli, maana wino huyeyuka kwa umande.

Ukishapata wanyama wa kutosha, usitoe wastani peke yake. Toa idadi ya uliowapima, cha chini, cha juu na wastani, madume peke yao na majike peke yao. "Gramu 4.3" haimsaidii msomaji. "Madume 11 waliokomaa, gramu 3.6 hadi 5.4, wastani 4.3, Juni" inamsaidia, na ndivyo namba ya mfano inavyopaswa kuandikwa.

Ukitaka kujua kama mnyama ameshiba au ana njaa, usiangalie uzito tupu. Ulinganishe na urefu wa wayo au wa kichwa. Wanyama wawili wa gramu 4.5, mmoja mwenye kichwa cha milimita 17 na mwingine cha 19, hawako katika hali moja: wa pili ni mkubwa wa mifupa na amekonda.

Kwa vielelezo vya makumbusho, kibandiko cha zamani huwa na namba nne zilizotenganishwa kwa vistari: urefu wote, mkia, wayo wa nyuma na sikio, kisha uzito mwishoni. Kumbuka kwamba ya kwanza ni pamoja na mkia, hivyo utoe ya pili kupata kichwa na mwili. Vipimo hivyo vilichukuliwa mnyama akiwa amekufa punde, naye hulala amenyooka, kwa hiyo huwa virefu kidogo kuliko vya mnyama hai aliyejikunja. Usipime ngozi iliyokaushwa ukategemea jibu la urefu wa mwili, kwa kuwa aliyeijaza pamba ndiye aliyeamua iwe ndefu kiasi gani. Usipime uzito wa mnyama aliyehifadhiwa kwenye spiriti. Fuvu na wayo peke yake ndivyo vinavyoweza kulinganishwa bila wasiwasi mkubwa kati ya mnyama wa kabatini na yule uliyemshika asubuhi.